Namna ya kuisoma Innocent, manga ya mnyongaji wa Paris

Ukiifungua Innocent, manga (yaani katuni ya Kijapani) ya Shin'ichi Sakamoto, bila kujiandaa, mambo mawili yanaweza kukukuta. La kwanza, utaifunga kabla juzuu ya 1 haijaisha, maana mapema kabisa baba anamfunga mwanawe kwenye kiti cha mateso ili akubali kurithi kazi ya ukoo. La pili ni baya zaidi: utavutwa na uzuri wa michoro mpaka mwisho, kisha usijue kipi kilitokea kweli Ufaransa na wapi mchoraji katia chumvi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuimaliza, kuifurahia, na bado abaki na haki ya kuilalamikia.

Hadithi inamhusu Charles-Henri Sanson, aliyezaliwa Paris tarehe 15 Februari 1739 katika ukoo uliotekeleza hukumu za kifo kwa niaba ya mfalme. Kwa Kiswahili tunamwita mnyongaji, ingawa jina hilo halimtoshi. Kunyonga ilikuwa sehemu moja tu ya kazi yake: watu wa kawaida walinyongwa, makabaila walikatwa kichwa kwa upanga, na majambazi wa barabarani walivunjwa viungo na kulazwa juu ya gurudumu. Hata kufa kulikuwa na daraja la kwanza na la tatu. Cheo chake kilikuwa Monsieur de Paris, yaani Bwana wa Paris, na utakutana nacho mara nyingi ndani ya manga.

Ilianza kutoka mwaka 2013 katika Weekly Young Jump, jarida la Shueisha la wanaume watu wazima, ikaisha 2015 ikiwa na juzuu 9. Mwendelezo wake, Innocent Rouge, ulihamia Grand Jump na kwenda mpaka 2020, juzuu 12. Kwa Kiingereza, wachapishaji Dark Horse wanaunganisha juzuu tatu katika kitabu kimoja kinene. Kwa Kifaransa ni Delcourt. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyezoea Kifaransa achukue hiyo ya Delcourt bila kusita, kwa sababu vyeo, mitaa na matusi ya makabaila vinabaki katika lugha yao wenyewe.

Kwanza, jipime

Hii ni manga ya watu wazima, miaka 18 kwenda juu, na haina mzaha katika hilo. Ndani yake kuna mateso yanayochorwa kwa undani wa kitabu cha udaktari, watoto wanaoteswa na watu wa familia yao, ukatili wa kingono, maiti, na kujidharau kwa kiwango cha kutamani kufa. Kama lolote kati ya hayo limekugusa karibu maishani mwako, soma kwanza na mtu aliyekwisha kuimaliza, akuambie linakaa wapi. Kuambiwa mapema hakuharibu utamu: kila anayeifungua anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mfalme atakatwa kichwa.

Kipimo kizuri ni sura za mwanzo, zile za Charles-Henri shuleni na nyumbani kwa baba yake. Ukizisoma ukaumia lakini ukataka kujua kitakachofuata, endelea. Ukizisoma ukajikuta unajilazimisha, iache hapo hapo. Yanayofuata hayapungui ukali, na hakuna juzuu ya mbele itakayokulipa fidia.

Jambo jingine la nyumbani. Kwa watu wengi katuni ni kitu cha watoto, na jalada la Innocent lina vijana warembo waliovaa lesi. Mtoto wa miaka 9 ataichukua mezani bila swali. Iweke juu, au kwenye simu iwekee nywila.

Karatasi moja kabla ya kuanza

Wengi huchanganyikiwa na majina kabla ya kuchanganyikiwa na damu. Ukoo wa Sanson uliwaita watoto wake Charles kizazi hadi kizazi, na wanawake wengi humo ndani ni Marie fulani. Chukua karatasi, andika mlolongo huu kutoka juu kwenda chini: Charles Sanson wa kwanza, aliyeteuliwa Paris mwaka 1688, Charles wa pili, Charles Jean-Baptiste, ndiye baba mkali, Charles-Henri, shujaa wetu, Henri, mwanawe, Henri-Clément, wa mwisho, aliyeondolewa kazini 1847. Vizazi sita. Pembeni ya wa tatu ongeza majina mawili: Anne-Marthe, mama yake, ndiye bibi wa kutisha wa manga; na Nicolas-Charles-Gabriel, mdogo wake, mnyongaji wa mji wa Reims.

Huyo bibi anastahili mstari wa ziada kwenye karatasi yako. Mumewe alipofariki mwaka 1726, mtoto wao Charles Jean-Baptiste alikuwa na miaka 7. Anne-Marthe alihangaika mpaka cheo kikabaki kwa mtoto. Msaidizi akafanya kazi yenyewe, na mtoto akapelekwa kusimama jukwaani ili hukumu ihesabike kuwa halali. Ukilijua hili, baba katili wa sura za mwanzo anapata sura nyingine: anamfanyia mwanawe alichofanyiwa yeye, tena yeye alianza akiwa mdogo zaidi.

Upande wa nyuma wa karatasi andika tarehe sita: 1754, baba anapooza na Charles-Henri anaanza kushika nafasi yake akiwa na miaka 15, 1757, anauawa Damiens, aliyemchoma mfalme kisu, 1770, Marie Antoinette anawasili Ufaransa akiwa na miaka 14, 1778, Charles-Henri anapewa cheo rasmi, 1792, inakuja mashine mpya ya kukata vichwa, gilotini, tarehe 21 Januari 1793, Louis XVI anauawa. Manga inarukaruka miaka, na bila tarehe hizi utadhani mtu amezeeka ghafla.

Simu, kompyuta, karatasi

Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hilo unalijua. Tatizo la Innocent ni kurasa pacha. Sakamoto anachora picha zinazotambaa juu ya kurasa mbili zinazotazamana, mara nyingi bila neno hata moja, na ukiisoma kwa kuteremsha skrini kama habari za michezo picha hizo zinakatwa katikati ya uso wa mtu. Kwenye programu ya kusomea weka mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, laza simu, kisha washa kurasa mbili kwa mpigo. Kama picha kubwa bado hazikutani, yaani nusu ya jukwaa iko hapa na nusu iko baada ya kugeuza, basi jalada limehesabiwa kama sehemu ya jozi. Tafuta mpangilio unaoliacha jalada peke yake. Kurasa zote zitasogea moja na kukaa sawa. Simu yenye skrini ya inchi 6 inatosha kwa maneno, lakini lesi na nyuso za umati zinahitaji tableti au kitabu chenyewe.

Usiisome kwenye daladala. Jirani atachungulia tu, na ukurasa atakaouona hutaweza kumweleza mpaka kituo cha mwisho.

Juzuu moja ina kurasa kama 200, na maneno yake ni machache kuliko ya manga nyingi za kihistoria, kwa hiyo unaweza kuimaliza kwa dakika 25. Usifanye hivyo. Juzuu moja kwa siku, saa nzima, ndiyo kasi yake. Anayezimeza juzuu 9 kwa usiku mmoja huanza kufa ganzi kwenye ya 4. Damu inageuka kuwa wino tu, na hapo hadithi inakuwa imekupotea, maana inazungumzia hasa kijana anayekataa kufa ganzi.

Machozi, maua na taarab

Wasomaji waliozoea manga za vita hukwama kwa sababu nyingine kabisa: "Mbona huyu analia kila ukurasa?" Charles-Henri analia. Analia mbele ya baba, mbele ya upanga, mbele ya mtu aliyempenda. Nywele zinapepea mahali pasipo na upepo, na maua yanaanguka ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Msikilizaji wa taarab hana haja ya kufundishwa hapa. Mwimbaji akisema moyo wake umeungua ukawa jivu, hakuna anayewapigia simu zimamoto. Maneno yamepandishwa mpaka juu kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwa sauti ya kawaida, na msikilizaji anatuza kwa jinsi lilivyopandishwa. Innocent inafanya hivyo kwa kalamu. Hali ya moyo inachorwa kama kitu chenye umbo na uzito, na kitu hicho kinachukua ukurasa mzima. Ukifika kwenye ukurasa wa namna hiyo usiulize kimetoka wapi. Uliza ni nani anayekiona. Karibu kila mara ni mtu mmoja tu pale jukwaani, na picha inakupitisha machoni mwake ili usitazame shingo.

Ndiyo maana michoro hiyo isiyo na maneno haifai kurukwa, hata ikionekana kama pambo. Kaa nayo sekunde 10, uangalie kona nne za ukurasa kabla ya katikati. Sakamoto hupenda kuficha umati pembeni: mtu anakula, mtu anacheka, mtoto amebebwa mabegani aone vizuri.

Chuki ya watu kwa familia hii, ambayo katika manga inaonekana kama imetiwa chumvi, haikutiwa sana. Wana wa wanyongaji walioa mabinti wa wanyongaji kwa kuwa wengine hawakuwataka. Sokoni mnyongaji alikuwa na haki iliyoitwa havage, ya kuchukua sehemu ya nafaka na vyakula vya wauzaji. Lakini kwa kuwa hakuna aliyetaka mkono ule uguse mzigo wake, alichota kwa kijiko. Mkate wake, inasimuliwa, mwokaji aliuweka kando akiugeuza chini juu ili mwingine asiuguse, na mpaka leo kuna Wafaransa wasiopenda kuona mkate umelala kifudifudi mezani. Na watu hao hao walimfuata Sanson awatibu mifupa, maana ukoo ule uliujua mwili wa binadamu kuliko waganga wengi wa mjini. Ukikutana na Charles-Henri akitibu maskini, hapo hakuna chumvi.

Damiens: sehemu ya kusoma kwa mipango

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoachia njiani, na hapa ndipo manga inapostahili sifa yake. Kwa hiyo tukae kidogo.

Jioni ya tarehe 5 Januari 1757, Robert-François Damiens, mtumishi wa majumbani, alimchoma Louis XV kwa kisu cha mfukoni pale Versailles, mfalme akielekea kwenye gari lake. Ilikuwa baridi na mfalme amevaa nguo juu ya nguo. Kisu kiliingia kidogo tu. Alipona haraka. Wakati huo nchi ilikuwa na ugomvi mkubwa wa kidini, wa makasisi kuwanyima sakramenti waliotuhumiwa kufuata mafundisho ya Jansen, mwanateolojia Mkatoliki, na Damiens alisema alitaka kumwonya mfalme, hakukusudia kumuua. Haikumsaidia. Alihukumiwa adhabu ya muuaji wa mfalme: kunyofolewa nyama kwa koleo la moto, kuunguzwa mkono, kumiminiwa risasi iliyoyeyushwa, kisha kuraruliwa na farasi wanne. Tarehe ilikuwa 28 Machi 1757, mahali ni Place de Grève, uwanja ulioko leo mbele ya jumba la jiji la Paris.

Kwa nini ilichukua saa nyingi vile? Msomaji anaweza kudhani mchoraji anarefusha kwa kufurahia ukatili. Jibu liko kwenye kalenda. Mara ya mwisho Paris kutekeleza adhabu hiyo ilikuwa Mei 1610, kwa Ravaillac aliyemuua Henri IV. Miaka 147 ilikuwa imepita. Hakuna mtu hai aliyewahi kuiona, achilia mbali kuifanya. Baba amepooza, Charles-Henri ana miaka 18, ikabidi ami yake aitwe kutoka Reims aongoze kazi. Farasi wanne walivutishwa, viungo havikuachia. Wakaongezwa wawili, bado. Kuna mishipa na kano ambazo nguvu ya farasi haiwezi kuzikata kwa kuvuta tu, na wale jukwaani walijua hivyo, lakini kuzikata kwa kisu kulihitaji ruhusa ya mahakimu, na ruhusa ilichelewa. Madirisha ya nyumba za jirani yalikuwa yamekodishwa kwa watazamaji. Casanova, mwandishi Mwitaliano, alikuwa kwenye mojawapo na aliandika habari zake. Baada ya siku ile, ami wa Reims aliacha kazi.

Soma sehemu hii kwa vikao viwili. Cha kwanza kiishie hukumu inaposomwa. Funga kitabu, fanya kazi nyingine, rudi siku ya pili mchana, si usiku kabla ya kulala. Katika kikao cha pili pitia maneno ya kila ukurasa kwanza, kisha picha, kinyume na kawaida. Viputo vya maneno vitakuambia nani anatoa amri na nani anaomba ruhusa, na ukishajua hivyo macho yako yana kazi nyingine ya kufanya kuliko kutazama jeraha. Fuatilia nyuso: nani anatazama, nani anageuka, nani anauliza ni saa ngapi. Manga inampa Damiens sura ya baba maskini, na hata historia haikuwaacha jamaa zake: mkewe, binti yake na baba yake walifukuzwa nchini, na ndugu zake wakaamriwa wabadili jina.

Ukishindwa, ruka. Namna ya kuruka bila kupotea ni kufungua mbele mpaka uone picha pana ya jengo au mtaa mwingine, maana ndivyo sehemu mpya inavyoanza, kisha urudi nyuma kurasa mbili tu usome maneno ya mwisho ya Charles-Henri. Hayo usiyakose.

Upanga unakosea wapi

Mapema kwenye manga kuna kukatwa kichwa kunakoharibika vibaya: pigo la kwanza, la pili, umati unapiga kelele. Inaonekana kama udhaifu wa kijana mwenye moyo laini. Soma upya ukijua ufundi wenyewe.

Upanga wa hukumu ulikuwa mzito, wa mikono miwili, wenye ncha butu, kwa kuwa haukukusudiwa kuchoma. Pigo linapita kwa ulalo, hakuna gogo la kuegemeza shingo, na mhukumiwa anatakiwa kupiga magoti wima bila kutikisika. Akiyumba kidole kimoja, ubapa unapiga taya au bega. Mwaka 1766 Charles-Henri alimtekelezea hukumu Jenerali Lally, aliyewahi kutawala makoloni ya Ufaransa kule India, na pigo la kwanza halikukata. Majuma machache baadaye, tarehe 1 Julai, kule Abbeville, alimkata kijana La Barre, aliyehukumiwa kwa kukufuru, kwa pigo moja safi. Mkono ule ule, upanga wa aina ile ile.

Mwenyewe alilieleza jambo hili mwaka 1792 katika waraka aliouandikia serikali, na ni waraka wa fundi kabisa. Kila baada ya hukumu moja makali yanakuwa yameharibika na lazima yanolewe upya. Wakiwa wahukumiwa kadhaa kwa siku, panga nyingi zinahitajika, na ni ghali. Wa pili akishaona damu ya wa kwanza, miguu inamlegea, hawezi tena kutulia, na hapo hukumu inageuka kuwa mapambano. Sheria ya 1791 ilikuwa imesema kila anayehukumiwa kifo atakatwa kichwa, awe kabaila au mlalahoi, kwa hiyo hesabu ya Sanson ilikuwa rahisi: kwa upanga haiwezekani.

Mashine ikapatikana. Daktari Guillotin alikuwa amedai usawa wa adhabu tangu 1789, daktari mpasuaji Antoine Louis akaandika maelezo ya kitaalamu, na Tobias Schmidt, fundi wa vinanda, akaiunda. Ilijaribiwa kwa kondoo, kisha kwa maiti katika hospitali ya Bicêtre, na tarehe 25 Aprili 1792 ikatumika kwa mara ya kwanza kwa mwizi aitwaye Pelletier. Umati ulilalamika kwamba imekwisha upesi mno, hawakuona kitu. Linganisha na madirisha ya kukodi ya 1757 ndipo uzisome sura za mashine. Manga inategemea uwe unaikumbuka ile siku.

Chumvi iko wapi

Kubwa kuliko zote ni Marie-Joseph. Dada huyu mwenye nywele zilizonyolewa upande mmoja, anayetaka kazi ambayo kaka yake haitaki, ndiye roho ya Innocent Rouge. Kwa nafasi ya mnyongaji, ni wa kubuni. Paris ya wakati ule haikuwa na mwanamke jukwaani na upanga. Mpende hivyo hivyo. Mavazi yake na ukali wake ni vya zama zetu, vimewekwa pale makusudi viwasumbue watu wa karne ya 18, na anayemsoma kama kosa la kihistoria anakosa nusu ya mchezo.

Ile hadithi maarufu ya Louis XVI kushauri wembe wa mashine uwe wa mshazari, kisha ukaja kumkata yeye mwenyewe, inatoka katika kumbukumbu za ukoo zilizochapishwa 1862 chini ya jina la Henri-Clément, na kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa lengo la kuuzwa. Ichukue kama hadithi tamu. Vilevile uzuri wa uso wa Charles-Henri, wembamba wa vidole vyake na machozi yake ni vya mchoraji. Mwenyewe alidumu kazini miongo minne, na waliokufa mikononi mwake na kwa mashine aliyoisimamia wanakaribia 3,000.

Kuna mambo ambayo msomaji huyadhania chumvi kumbe ni nyama. Sanson kweli alimheshimu mfalme aliyemuua: Februari 1793 aliandika barua gazetini kusahihisha uvumi, akasema Louis alikufa kwa utulivu uliowashangaza wote waliokuwepo. Kuandika vile mwezi ule, katika mji ule, kulikuwa ni kuchezea shingo yako. Na mwanawe Gabriel alikufa 1792 kwa kuanguka kutoka jukwaani akiwaonyesha watu kichwa.

Panapokera kweli

Ukatili wa dola ndani ya Innocent una hoja, na hoja hiyo inasimama. Ukatili wa kingono ni jambo jingine. Mara kadhaa unawekwa ili kuonyesha kwamba kabaila fulani ni mbaya, wakati tumekwisha kujua ni mbaya tangu alipoingia mlangoni, na anayelipa gharama ya somo hilo ni mwanamke ambaye baada ya hapo hapewi nafasi ya kutosha kusema. Tena anachorwa kwa urembo ule ule unaotumika kwa maua. Huna haja ya kujitafutia sababu ya kisanaa ya kuzipenda kurasa hizo. Zipite kwa njia ya kuruka iliyoelezwa juu. Mkondo wa hadithi haukatiki.

Kasoro ya pili ni kwamba maskini wengi humo ndani wapo ili wafe vizuri. Njaa inachorwa, bei ya mkate haielezwi sana, na Mapinduzi yanaonekana kama radi badala ya kuwa hesabu iliyolimbikizwa miaka. Hapo msomaji ajazie mwenyewe kwa kitabu chochote cha historia ya Ufaransa cha kidato, hata sura moja inatosha.

Ukitaka kuijadili kwenye kundi la WhatsApp, usitume picha ya ukurasa bila onyo. Andika kwanza juzuu na sura, sema kuna nini ndani, halafu tuma anayetaka afungue. Mjadala mzuri zaidi huwa haumhusu Damiens, maana kila mtu ana huruma naye. Unawahusu mahakimu wasiopanda jukwaani. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987 na Tanzania tangu 1994, ilhali Rwanda ilifuta adhabu hiyo 2007 na Burundi 2009. Katika kundi lenye watu wa nchi hizo, swali la nani anatia saini na nani anashika kamba huwasha moto wenyewe bila kuchochewa.

Ukimaliza juzuu ya 9 unaweza kusimama. Rouge inabadilika sauti: inapanda jukwaani zaidi, inacheka zaidi, na uzito unahamia kwa Marie-Joseph. Waliompenda Charles-Henri kwa upole wake huona ameachwa pembeni. Kama wewe ni mmoja wao, pumzika juma zima kati ya mfululizo mmoja na mwingine, usiziunganishe. Na ukifika mwisho wa Rouge, rudi kwenye ile karatasi yako, jina la chini kabisa. Henri-Clément, kizazi cha sita, alizama kwenye madeni mpaka akaiweka mashine rehani. Amri ya hukumu ilipokuja hakuwa na chombo cha kufanyia kazi. Wizara ikamlipa mdai, ikaichukua mashine, hukumu ikatekelezwa, kisha wakamfukuza kazi.